Gombessa, Fulu na Sakafu ya Bahari Hindi

Mwezi Machi 1899 meli ya mvuke ya Kijerumani, Valdivia, ilitia nanga Dar es Salaam. Ilikuwa imetoka Hamburg mwaka uliotangulia, ikashuka Atlantiki hadi ukingoni mwa barafu za kusini, kisha ikapanda kupitia Sumatra na Shelisheli. Mtaalamu wa wanyama Carl Chun na wenzake walikuwa wakishusha nyavu zao mamia na maelfu ya mita, kwenye maji ambayo mwanga wa jua haufiki. Kutoka Dar es Salaam waliambaa na pwani yetu kuelekea Aden, wakiendelea kuzoa samaki wenye taa mwilini, kamba wekundu na ngisi wenye macho makubwa kupita kiasi. Mwishoni mwa Mei mwaka huohuo, reli iliyoanzia Mombasa ilifika kwenye kinamasi kimoja cha nyika ya Wamaasai. Wajenzi wakapiga kambi. Kambi hiyo ndiyo Nairobi.

Nimeyaweka matukio hayo pamoja kwa makusudi. Historia ya viumbe wa vilindini husimuliwa kwa kawaida kama historia ya meli za Ulaya na maprofesa wake, nasi watu wa bara tukabaki wasikilizaji. Ukiitazama ukiwa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, inakuwa habari nyingine kabisa. Inakuwa habari ya nani aliyekiona kitu kigeni wavuni, nani aliyekuwa na uwezo wa kukiandika, na kiumbe yupi alipata mtetezi kwa kuwa aliandikwa.

Reli ile ilileta watu wa pwani pia. Pumwani, uliopangwa na serikali ya kikoloni mapema miaka ya 1920 kuwa mtaa wa Waafrika, ulikaliwa na Waislamu wengi wenye asili au nyendo za Kiswahili, na Majengo yake bado yana misikiti na lafudhi ya kumbukumbu hiyo. Baadaye zikaja Shauri Moyo, Kaloleni, Ziwani, Bahati, Makongeni, Jericho, halafu Buruburu, Umoja, Dandora na Kayole. Bahari iko karibu kilomita 480 kwa barabara. Hata hivyo kuna vitu viwili vinavyomuunganisha mkazi wa mitaa hii na maji makuu kila siku, navyo ni samaki aliye kwenye karai na waya unaolala kwenye sakafu ya bahari. Nitavirudia vyote viwili.

Wasomi wa Ulaya walianza vibaya. Mwaka 1843 Edward Forbes wa Uingereza, akiwa amekokota sakafu ya Bahari ya Aegean na kuona wanyama wakipungua kadiri alivyoshuka, alitoa rai kwamba chini ya pima 300, kama mita 550 hivi, uhai hauwezi kuwepo. Rai ilikuwa na mantiki yake: huko chini ni giza tupu, baridi kali na uzito wa maji unaoweza kuponda chuma. Lakini Michael Sars na mwanawe huko Norwei walikuwa wakivua wanyama hai kwenye kina kikubwa kuliko hicho, na mwaka 1860 waya wa telegrafu kati ya Sardinia na Algeria ulipopandishwa ili utengenezwe, ulikuja juu na wanyama walioota juu yake kwenye kina cha karibu kilomita mbili. Hapo hoja ya Forbes ilikwisha. Serikali ya Uingereza ikatoa meli, Challenger, iliyozunguka dunia kuanzia Desemba 1872 hadi Mei 1876. Ripoti zake zilijaza mabuku 50 na kueleza aina zipatazo 4,700 ambazo sayansi haikuzijua. Njia yake katika Bahari Hindi ilipita kusini kabisa. Huku kwetu haikufika.

Kilichotufikia kwanza ni waya. Mwaka 1879 waya wa telegrafu ulilazwa kutoka Aden hadi Zanzibar na kuendelea kusini, na kwa ajili hiyo watu wakapima vina vya bahari yetu, bila kujali sana ni nani waliokuwa wakiishi humo. Miaka 130 baadaye, mwaka 2009, nyaya za mwanga za TEAMS na SEACOM ziliwasili Mombasa. Kijana wa Umoja anayetazama video kwenye simu anapokea ishara iliyopita chini ya maji maelfu ya mita, kwenye tope lilelile wanamotambaa majongoo wa bahari wa rangi ya zambarau na ambamo nyota-bahari wana mikono myembamba kama uzi. Yale maisha yako karibu nasi kuliko tunavyofikiri.

Tunda la Valdivia lililosisimua watu zaidi ni mnyama mmoja mwekundu mweusi aliye kati ya pweza na ngisi, mwenye utando baina ya mikono na macho makubwa ya buluu. Chun alimweleza mwaka 1903 kwa jina la kutisha, Vampyroteuthis infernalis, kana kwamba ametoka jehanamu kunyonya damu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa anaishi kwa kuokota chembe za mabaki yanayodondoka taratibu kutoka juu: ngozi za kamba, kinyesi, viumbe wadogo waliokufa. Masikini wa Mungu huyo hana ugomvi na mtu.

Safari ninayoipenda kuliko zote, na ambayo vitabu vya shule huiruka, ni ya Mabahiss. Ilikuwa meli ya Misri. Mwaka 1933 na 1934 ilizunguka Bahari Hindi ya kaskazini na magharibi kwa fedha zilizoachwa na John Murray, mmoja wa watafiti wa Challenger, chini ya uongozi wa Seymour Sewell. Mabaharia wake walikuwa Wamisri, na miongoni mwa wanasayansi wake walikuwemo Hussein Faouzi na Abdel Fattah Mohamed. Ilitia nanga Mombasa na Zanzibar. Katika Ghuba ya Oman na sehemu za Bahari ya Arabuni nyavu zake zilipandisha tope linalonuka yai bovu lisilo na mnyama wala ganda, kwa kuwa maji ya hapo yamekosa oksijeni. Forbes alikuwa amekosea kuhusu bahari nzima, lakini kilindi cha namna aliyoifikiria kipo, na Waafrika walikuwamo katika meli iliyokithibitisha. Jambo hilo lingestahili kujulikana na kila mtoto wa shule ya msingi ya Jericho au Kariobangi anayeambiwa kwamba utafiti wa bahari ni kazi ya watu wengine.

Lakini kiini cha habari hii ni samaki mmoja.

Siku chache kabla ya Krismasi ya 1938, nahodha Hendrik Goosen alirudi bandarini East London, Afrika Kusini, na shehena ya papa na samaki wa kawaida kutoka karibu na mto Chalumna. Chini ya lundo palikuwa na samaki wa buluu mwenye urefu wa kama mita moja na nusu, magamba magumu, na mapezi yaliyosimama juu ya vikonyo vya nyama kama mikono na miguu inayoanza kuota. Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi kijana wa makumbusho madogo ya mji ule, aliitwa aje kutazama. Hakumjua, lakini alikataa kumwacha. Alimpakia kwenye teksi, akatafuta mahali pa baridi pa kumhifadhi na akakosa, akachora picha na kumtumia J.L.B. Smith, mwalimu wa kemia wa Grahamstown aliyekuwa amejifunza samaki kwa mapenzi yake. Smith alipoiona picha hakuamini macho yake. Alikuwa silikanti, ukoo ambao masalia yake yalionekana tu kwenye mawe, na ambao wasomi wote walikubaliana ulikoma pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita. Akampa jina Latimeria chalumnae, kwa heshima ya Marjorie na mto ule.

Sehemu za ndani za samaki huyo wa kwanza ziliharibika kabla ya kuchunguzwa. Kwa hiyo Smith alihitaji wa pili, na alimtafuta kwa miaka 14. Alichapisha kikaratasi chenye picha na ahadi ya pauni 100, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, kikagawanywa pwani nzima ya Afrika Mashariki. Zingatia lugha hizo. Bahari aliyokuwa akiipekua ilikuwa ya wasemaji wa Kiswahili na jamaa zake, na lugha yao haikuwemo. Mwaka 1952 yeye na mkewe Margaret walifanya kazi Pemba, Zanzibar na Kenya, na huko Zanzibar walikutana na Eric Hunt, nahodha wa jahazi la biashara lililokwenda Komoro. Hunt akachukua vikaratasi.

Usiku mmoja wa Desemba mwaka huohuo mvuvi Ahamadi Abdallah wa Domoni, kisiwani Anjouan, alivua samaki mkubwa kwa mshipi. Kwake hakuwa ajabu. Wakomoro walimwita gombessa, walimvua mara mojamoja kwenye maji ya kina, na hawakumpenda sana kwa sababu nyama yake ina mafuta mengi. Asubuhi yake mwalimu Affane Mohamed alimtambua kutokana na kile kikaratasi na kuzuia asikatwe zaidi. Samaki akabebwa kuvuka milima ya kisiwa hadi kwa Hunt. Hunt akapiga simu ya maandishi, Smith akampigia simu Waziri Mkuu D.F. Malan, na Malan akatoa ndege ya jeshi kwenda kumchukua.

Hapo ndipo pananiuma. Samaki yule hakuwa na pezi moja la mgongoni, Smith akadhani ni aina mpya, akamwita Malania anjouanae kwa heshima ya Malan, mtu aliyeusimika ubaguzi wa rangi kuwa sheria ya nchi. Mvuvi mweusi alimvua, mwalimu mweusi akamtambua, na jina akapewa mwanasiasa aliyeamini kwamba watu kama hao hawastahili kupiga kura. Baadaye ilithibitika kwamba pezi lilikuwa limepotea tu na samaki ni Latimeria yuleyule, jina la Malan likafutwa katika orodha. Ahamadi alilipwa zawadi yake. Majina yake na ya Affane yangepasa kutajwa kila mara jina la Smith linapotajwa.

Kilichofuata nitakipita upesi. Wafaransa, waliotawala Komoro, walizuia watafiti wa kigeni kwa miaka mingi. Mwaka 1987 Mjerumani Hans Fricke alishuka kwa nyambizi ndogo karibu na Ngazidja akawapiga picha gombessa wakiwa hai, wakielea polepole, mapezi yakipishana kulia na kushoto kama hatua za mnyama wa nchi kavu. Mchana hujificha mapangoni kwenye kina cha kama mita 200, usiku hutoka kuwinda. Huzaa watoto hai. Utafiti wa magamba uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba anaweza kuishi karibu miaka 100 na kwamba mimba yake huchukua miaka mitano hivi. Mwaka 1999 aina ya pili ilielezwa kutoka Sulawesi, Indonesia.

Kwetu Kenya siku yake ilikuwa mwaka 2001, pale meli ya kukokota nyavu ilipompandisha gombessa mbele ya Malindi. Waliomwandikia makala ya kisayansi ni Luc De Vos na Dalmas Oyugi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, na makala yao ilitoka mwaka 2002. Kwa hiyo gombessa wa kwanza wa Kenya aliingia katika kumbukumbu za dunia kupitia jengo lililo safari fupi ya matatu kutoka Pumwani. Ni jengo ambalo watoto wa Eastlands hupelekwa na shule zao, wakatazama tembo na mafuvu ya Turkana, na sina hakika kama kuna anayewaambia kwamba idara ya samaki ya hapo iliwahi kushika kitu kama hicho mikononi.

Miaka miwili baadaye, 2003, Tanzania ikafuata, kwanza Songo Mnara karibu na Kilwa, kisha Tanga kwa wingi ambao haukuwa umeonekana popote. Wavuvi wa Kigombe na vijiji vya jirani walikuwa wakitega majarife ya papa kwenye maji ya kina zaidi kuliko wazee wao, kwa sababu samaki wa juu walikuwa wamepungua. Gombessa wakanasa, wakafa, makumi kwa makumi ndani ya miaka michache. Wingi huo haukuwa habari njema, kwani ulikuwa dalili kwamba njaa ya juu imeteremka kilindini. Lakini kwa kuwa samaki yule alikuwa na jina, na dunia nzima ilimjua, serikali ya Tanzania ilichukua hatua: mwaka 2009 ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ya Tanga, kwenye pwani ya Tanga na Pangani.

Sasa turudi kwenye karai.

Ukipita Burma, Gikomba, au jioni kando ya barabara za Kayole na Dandora, samaki anayekaangwa kwa kawaida hatoki baharini. Ni ngege, ni omena, ni mbuta wa Ziwa Victoria, na kwa familia zenye kipato kidogo ni mgongo wazi, mifupa ya mbuta iliyobaki na kichwa baada ya minofu kukatwa viwandani na kusafirishwa Ulaya. Mbuta alipandikizwa ziwani miaka ya 1950. Hakuwa mwenyeji. Kabla yake ziwa lilikuwa na fulu, samaki wadogo wa rangi nyingi, aina zaidi ya 500, kila moja na mlo wake: walioparuza mwani, waliovunja konokono, waliokwangua magamba ya wenzao, waliokula mayai ya wengine. Wako waliojificha kwenye maji ya kina yenye mwanga hafifu. Hakuna mahali pengine duniani ambapo samaki walitofautiana kiasi hicho kwa muda mfupi hivyo.

Kuanzia mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden walikuwa Mwanza wakijaribu kuwaandika. Walichelewa. Miaka ya 1980 mbuta alifurika, maji ya chini yakakosa oksijeni kwa uchafu na rutuba iliyomiminika kutoka mashambani na mijini, na takriban aina 200 za fulu zikatoweka. Nyingi hazikuwa na jina la kisayansi. Zilikuwa na majina ya utani ya maabara na ya wavuvi, basi. Hakuna aliyetangaza hifadhi ya fulu fulani, kwa sababu fulu fulani hakuwemo kwenye daftari lolote la serikali. Mgongo wazi ulioshibisha mitaa yetu, nasi tunaushukuru, ulitokana na karamu ambayo mbuta aliifanya juu ya viumbe hao. Nauliza bila kumlaumu mama anayekaanga wala mteja wake: ni vipi tungelijua, ikiwa hata watafiti hawakuwahi?

Hilo ndilo linalonifanya nisitazame habari za vilindini kama burudani. Mwaka 1977, mwaka uleule wa Mwanza, nyambizi Alvin iligundua chemchemi za moto kwenye sakafu ya Pasifiki karibu na visiwa vya Galápagos, zikiwa zimezungukwa na minyoo mikubwa isiyo na mdomo wala tumbo, inayolishwa na bakteria wanaotumia kemikali badala ya jua. Bahari Hindi nayo ina chemchemi zake. Mwaka 2001, mwaka wa gombessa wa Malindi, katika eneo la Kairei mashariki mwa Morisi, alipatikana konokono ambaye mguu wake umefunikwa magamba yenye madini ya chuma na salfa. Hakuna mnyama mwingine hai anayejulikana kuvaa chuma hivyo. Hadi mwaka 2019 alijulikana katika maeneo matatu tu, na mawili kati yake yalikuwa ndani ya leseni za kutafiti madini. Julai 2019 akawa moluska wa kwanza kuingizwa katika Orodha Nyekundu ya viumbe walio hatarini kwa sababu ya tishio la uchimbaji wa sakafu ya bahari. Miezi mitatu kabla ya hapo, Aprili 2019, Rais Danny Faure wa Shelisheli alikuwa ametoa hotuba akiwa ndani ya nyambizi, mita 124 chini ya maji ya nchi yake, akidai bahari ilindwe.

Kwa upande wa sheria Kenya si mgeni. Mwanasheria wetu Frank Njenga ndiye aliyeleta mbele ya mataifa, mwaka 1971 huko Colombo na 1972 katika kamati ya Umoja wa Mataifa, wazo la ukanda wa kiuchumi wa maili 200. Wazo hilo likaingia katika Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, na kwa sababu yake Kenya ina haki juu ya zaidi ya kilomita za mraba 100,000 za bahari na sakafu yake. Mtanzania Joseph Warioba aliongoza tume iliyoandaa Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, yenye makao Kingston, Jamaika. Leticia Carvalho, mwanasayansi wa bahari kutoka Brazil anayeiongoza Mamlaka hiyo tangu Januari 2025, alitoka katika Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lenye makao Gigiri, Nairobi.

Kanuni za uchimbaji bado zinajadiliwa Kingston, na zaidi ya nchi 30 zimeomba shughuli hiyo isimamishwe kwanza. Kwenye meza ile Kenya ina kiti, na ina historia ya Njenga inayompa mjumbe wake uzito akizungumza. Kwa upande wa sayansi, taasisi ya utafiti wa bahari ya Mombasa, KMFRI, ilipokea kutoka Ubelgiji meli ya utafiti inayoitwa sasa Mtafiti. Meli moja kwa maji yote hayo ni chache mno, nayo inahitaji wanaojua kupanga samaki kwa ukoo, kuchora, kuandika, kuhifadhi. Marjorie hakuwa na shahada ya chuo kikuu alipomwokota gombessa kwenye lundo, na Affane alikuwa mwalimu wa kisiwani. Vijana wenye jicho kama lao wanamaliza kidato cha nne kila mwaka katika shule za Eastlands, na bajeti ya kuwafundisha kazi hiyo ni jambo ambalo mbunge wa Kamukunji, wa Makadara au wa majimbo ya Embakasi anaweza kuulizwa mkutanoni, pamoja na swali la Kenya inapiga kura gani Kingston.